Cheti cha Semina cha Ndugu Mbonile

Mwaka 1976, pale Pito, nje kidogo ya Sumbawanga mjini, nilimwona mtu mzima anafunguka tumbo mbele ya umati, jembe mkononi.

Na watu wakapiga makofi.

Sitanii. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Tena katika umati wote ule, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua habari za hilo tumbo. Nilijua na nikanyamaza.

Tulieni niwape mkasa wote. Wenyewe wengi wameshatangulia mbele za haki, na mimi sina tena mtu wa kumwogopa.

Naitwa Atusaye, nesi mstaafu, mtu wa Tukuyu. Kuandika kwenye simu nimejifunza uzeeni, kwa hiyo mkiona herufi zimeruka msianze kelele.

Wakati huo nina miaka ishirini na nne, serikali imenipangia hospitali huko Sumbawanga. Baridi ya kule acheni kabisa. Lakini baridi haikuwa shida yangu. Shida yangu ilikuwa mama.

Mama alikuwa peke yake Tukuyu, miguu imevimba, barua zake anaandikiwa na jirani. Niliomba uhamisho mara tatu. Mara zote tatu nikajibiwa, "Ombi lako linashughulikiwa."

Mliowahi kuwa watumishi mnalijua hilo jibu.

Sasa, mjini kulikuwa na mkubwa mmoja, Ndugu Mbonile, Mnyakyusa mwenzangu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kuhamasisha kilimo. Ofisi yake siitaji, wajukuu zake wamo humu humu wanasoma.

Ndugu Mbonile alikuwa na tumbo. Nikisema tumbo msifikirie kitambi. Lile lilikuwa linaingia mlangoni kwanza, tunasubiri, halafu ndio anaingia yeye.

Na kila mkutano anawaambia Wafipa wa watu wafunge mkanda.

Siku moja Pito akasimama bibi mmoja, Bibi Hilaria, mkulima, mdogo wa umbo lakini mdomo Mungu alimjalia. Akanyoosha mkono kistaarabu.

"Baba, sisi tutafunga. Ila tunaomba kujua, huo wa kwako umeufunga tundu la ngapi?"

Jamani. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Dereva wake mwenyewe alijificha nyuma ya gari. Ndugu Mbonile alifunga mkutano bila hata kuimbisha wimbo.

Haikupita muda tukasikia kachaguliwa kwenda Ulaya, semina ya kilimo, miezi mitatu.

Akarudi nusu.

Yaani nusu mtu. Mkewe, Mama Suma, alienda kumpokea kiwanja cha ndege, akampita kabisa, akaendelea kukodolea macho ngazi. Suti yake ya Kaunda ilikuwa inamvaa yeye.

Bosi wake, Ndugu Oswaldi, naye tumbo alikuwa nalo, tena la heshima. Akaitisha mkutano wa watumishi wote, hata sisi wa hospitali. Akauliza mbele yetu, "Ndugu Mbonile, tueleze. Umefanyaje?"

"Kazi ya mikono, ndugu zangu," akajibu, sauti chini. "Kule tulikuwa tunashika jembe asubuhi mpaka jioni. Na chakula ni kwa kipimo."

Makofi.

"Na cheti wamekupa?"

Pale nikamwona kasita kidogo. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa karatasi moja nzito, ina mhuri wa buluu na saini mbili. Lugha yenyewe ya Kizungu, lakini si Kiingereza. Hakuna aliyeielewa, na hakuna aliyekuwa tayari kuonekana hajaielewa. Ndugu Oswaldi aliisoma yote kuanzia juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Safi sana. Wenzetu wako mbali."

Cheti kikapelekwa kwa seremala, kikatiwa fremu na kioo, kikatundikwa ofisini. Kila mgeni akija anapelekwa kukiona.

Jumamosi ya wiki ile ile Ndugu Mbonile akaniita nyumbani kwake. Nikaingia, "Shikamoo baba." Akaitikia huku anafunga mlango. Akavua shati.

Ndani alikuwa amejiviringisha kanga za mkewe, tatu, zimekazwa kwa pini. Nikazifungua moja moja. Chini yake nikakuta kovu limeanzia chembe cha moyo limeshuka mpaka kitovuni. Na katikati pana mahali pamegoma kufunga, panatoa usaha.

"Baba, wamekufanya nini?"

"Binti yangu, wewe ni mtu wa nyumbani, kwako sifichi. Kule kuna daktari alikuwa anatafuta watu wanene. Anawapasua, anapunguza tumbo la chakula. Bure, hulipi hata senti. Semina nilikwenda siku mbili tu, zilizobaki zote nililala kitandani."

"Limebaki kiasi gani?"

Akanionesha kikombe cha kahawa.

"Na barua ya hospitali? Lazima walikupa barua ya kuleta huku."

"Sikupewa."

Alijibu haraka mno. Nesi mwenye akili angeshtuka. Lakini hapo hapo akanitupia neno moja nikasahau unesi wote.

"Uhamisho wako wa Tukuyu ni saini yangu na ya Ndugu Oswaldi tu. Wewe nitunzie kidonda, na haya mambo yaishie humu chumbani."

Nikamwona mama na miguu yake. Nikakubali. Sijivunii, nawaambia kama ilivyokuwa.

Nikamwekea masharti, kwa ule uuguzi wangu wa kawaida. Usiiname ovyo. Usibebe kitu. Usile haraka. Akaahidi. Lakini mkubwa gani wa enzi zile angeacha kukaribishwa chakula?

Kila kijiji anachinjiwa kuku. Asipokula, wenyeji wananuna, wanaona anawadharau. Akila vijiko vinne, amejaa. Cha tano kinarudi. Basi anatoka nyuma ya nyumba kutapika, anarudi anafuta mdomo, anasema, "Chakula kitamu sana."

Sukari ndiyo ilimkomesha. Sukari wakati ule ilikuwa adimu, kwa hiyo ukimheshimu mtu unamjazia kwenye chai. Wakamjazia. Haikupita robo saa jasho linamchuruzika kwenye baridi ile, moyo unampiga, macho hayaoni, anakimbilia chooni mkutano umesimama.

Mjini wakaanza maneno. Wengine wakasema karogwa. Wengine, uzalendo umemzidi. Mama Suma yeye alilia tu, anasema serikali imemrudishia mume pungufu.

Ndipo Ndugu Oswaldi akapata wazo.

"Huyu ni mfano hai! Tutampeleka Pito. Walewale waliomcheka wamwone."

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimelainisha udongo, Wafipa wanafunika ntumba. Kwa msiojua, ntumba ni yale matuta yao ya duara. Unakata majani na udongo pamoja kwa jembe, unageuza, unayafukia katikati yaoze. Kazi hiyo inataka kiuno, na inataka tumbo zima.

Asubuhi ya safari Ndugu Mbonile akanipitia. Akatoa karatasi mfukoni, fomu yangu ya uhamisho. Imejazwa yote. Amebakiza kusaini.

"Tukirudi," akasema.

Nikapanda gari na sanduku langu la huduma ya kwanza, nimefurahi mjinga mimi.

Pito watu wamejaa. Hata padre mmoja mzungu, wa misheni, alikuja na Landrova yake kuangalia. Ndugu Mbonile akahutubia vizuri kuliko siku zote, jembe hivi, kipimo vile. Alipomaliza, Bibi Hilaria akasimama na jembe mkononi.

"Baba, siku ile nilikukosea, nisamehe. Lakini mimi nafunika ntumba tangu utoto, na sijawahi kukonda namna hiyo. Basi tuoneshe la Ulaya linashikwaje."

Nia yake haikuwa mbaya kabisa. Nadhani alitaka kweli kujua.

Ndugu Mbonile akageuka akanitazama. Nikatikisa kichwa. Hapana.

Ndugu Oswaldi akasema kwa sauti, "Mpe! Mpe jembe!"

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lilikuwa ni neno moja tu, "anaumwa", na kila kitu kingeishia pale. Ila nikaiona ile fomu imechomoza kwenye mfuko wa shati lake.

Nikaufunga mdomo wangu.

Tuta la kwanza akalimaliza. La pili akalimaliza, midomo imekuwa ya kijivu. La tatu alipoinua jembe akasimama nusu, kama mtu aliyeitwa. Shati likaanza kuloa mbele, maji mekundu mekundu. Akapiga magoti taratibu, akaegemea tuta.

Ndugu Oswaldi akapaza sauti, "Mnaona? Hata udongo anaupigia magoti! Makofi kwa Ndugu Mbonile!"

Umati mzima ukapiga makofi.

Aliyekataa kupiga ni Bibi Hilaria peke yake. "Nyie! Mtu anakufa huyu!"

Nikakimbia. Nilipofungua kanga ya mwisho utumbo ulikuwa unachungulia nje. Nikafunika kwa kitambaa safi nilicholowesha maji ya chumvi, nikaanza kulia huku nafanya kazi. Bibi Hilaria alinishikia kichwa cha mgonjwa, anamwambia, "Tulia baba, tulia." Padre akaleta Landrova mpaka katikati ya shamba.

Hospitali nikamweleza daktari wetu yote, akamwangalia mgonjwa, akanigeukia.

"Sista, hili si tumbo nililolisoma mimi. Wamekata wapi, wameunganisha nini na nini? Nikiingia humo bila kujua nitammaliza. Kule hawamwachii mgonjwa bila barua. Iko wapi?"

Nikainama sikioni kwa Ndugu Mbonile. "Baba, barua. La sivyo tunakupoteza."

Midomo ikacheza.

"Cheti," akasema. "Kile cha ukutani. Ndiyo barua yenyewe."

Sikumbuki nilivyofika kwenye gari la padre. Ofisini tukamkuta Ndugu Oswaldi ametangulia, anawasimulia watumishi jinsi mwenzao alivyoanguka kazini kishujaa. Nikaenda moja kwa moja ukutani.

"Wee sista! Hicho ni mali ya ofisi. Kinatoka kwa kibali cha maandishi."

"Mgonjwa anakufa, ndugu."

"Hata kama. Andika barua ya kuomba, nitaipitia."

Padre akasogea kwenye kioo, akavaa miwani. Bahati ya Mungu, lugha ilikuwa ya kwao. Kiswahili chake alikuwa amejifunzia kwa Wafipa, anakisema kama mzaliwa wa pale.

"Basi nisome hapo hapo kilipo?"

"Soma padre, soma!" Ndugu Oswaldi akafurahi. "Watumishi wasikie."

Padre akasoma. Sauti ikaanza kubwa, ikawa inapungua.

"Mgonjwa huyu amepasuliwa ili kupunguziwa tumbo la chakula kwa sababu ya unene. Ale vijiko vinne kwa mara moja. Aepuke sukari. Asiinue wala kubeba kitu kwa miezi mitatu. Kidonda hakijafunga. Ameondoka kwa hiari yake kabla hatujamruhusu, kwani anasema wananchi wanamsubiri."

Chini yake kulikuwa na mchoro wa tumbo lenyewe. Watumishi walikuwa wakidhani ni ramani ya shamba.

Hata aliyekuwa anapiga taipu aliacha.

Ndugu Oswaldi akainua mikono, akakitungua cheti mwenyewe, akanipa. Kibali hakikuulizwa tena. Akanisindikiza mpaka barazani, akatazama huku na huku, akaninong'oneza.

"Sista. Hiyo semina... wanachukua watu lini tena?"

Nilikuwa tayari nakimbia na fremu kifuani.

Daktari aliuweka ule mchoro mbele yake, akafanya kazi saa tatu. Ndugu Mbonile akapona. Alilala nasi mpaka kiangazi, na pale kwenye kovu akabaki na ngiri kubwa, imetokeza upande mmoja. Ukimtazama kushoto alikuwa Mbonile wa zamani, kulia mpya.

Na ahadi yake hakuisahau. Akiwa hajaweza kukaa akaomba kalamu, akasaini fomu yangu. Nikaipeleka kwa Ndugu Oswaldi aweke saini ya pili.

Uhamisho nikaupata ndani ya wiki. Kwa manufaa ya umma.

Wampembe.

Ndiyo, Wampembe, ziwani kule Tanganyika, milima inaishia majini na barua zinafika zikijisikia. Tukuyu ilikuwa imefutwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Mtu aliyeuliza habari za semina hakutaka aliyemsikia abaki mjini.

Nililia wiki nzima. Ndipo mama akajihamisha mwenyewe. Hakuomba saini ya mtu. Alipanda malori na miguu yake ile, kipande cha mwisho akateremka mlima kwa mguu na wavuvi, akafika analalamika kwamba njia ni mbaya na samaki wananuka.

Jioni moja nikamsimulia yote haya. Nilitegemea acheke, na alicheka sana, kwenye tundu la mkanda na kwenye makofi. Halafu akaacha.

"Ulikuwa hatua ngapi kutoka kwake?"

"Tano, mama."

"Na ulinyamaza kwa ajili yangu?"

Nikainama kuchochea moto.

"Usinisingizie mimi," akasema, akarudi kukanda miguu yake.

Basi, wajukuu zangu, mkitoka hospitali na karatasi ipelekeni hospitali nyingine, msiitundike ukutani. Hilo ni funzo la Ndugu Mbonile. La kwangu ni hizo hatua tano. Miaka imepita mingi na bado nazihesabu.