Mlango Uliokuwa Sakafu ya Boti

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyelitandaza ziwa chini ya milima, akatuachia pumzi hata katika miaka ambayo hatukujua tuifanyie nini. Ninamshukuru kwanza, kisha ninasimulia.

Ilikuwa wakati wa vita vya kwanza vilivyofika hapa kwetu. Tulikuwa tunakimbia risasi hapa Rugenge, mtaa wetu wa Uvira, mke wangu akaanguka mtaroni na kuvunjika nyonga. Njia ya kwenda hospitali ya Lemera ilikuwa imefungwa. Ilibaki kumvusha ziwa hadi Bujumbura. Jirani yetu mvuvi alikuwa na boti ndogo ya alumini, akakubali kutupeleka. Lakini ndani ya boti ile kulikuwa na mbavu tupu za chuma, na katikati yake maji yaliyotuama. Mzima angekaa popote. Mke wangu hakuweza kukaa. Bila kulala sawasawa, hangefika.

Nilitafuta mbao za kutengeneza sakafu. Hazikuwepo, watu walikwisha kuzichoma wakipika. Mvuvi akataja kitanda cha msikiti cha kuoshea maiti: chepesi, na upana wake unalingana na boti. Nilijua ni wakfu na kina kazi yake moja. Hata hivyo, nilikwenda kumwuliza mke wangu.

"Miye siko maiti bado," alisema. "Weye unazunguka mji mzima kutafuta mbao, na mlango iko mbele yako."

Mlango wetu ulikuwa wa libuyu, mti mgumu. Baba yangu aliuleta kwa boti kutoka Kalemie. Nikamwambia kwamba nyumba isiyo na mlango ni kuwaachia waporaji.

"Wale majirani wa huko juu walifunga makufuli mbili. Walibakiza nini?"

Niliung'oa. Sikumbuki kuwaza chochote. Nakumbuka bawaba zilikuwa na kutu, nikazipaka mawese ya jikoni mpaka zikaachia.

Ufukweni nilishika msumari niupigilie mlango kwenye boti. Mvuvi akanikamata mkono.

"Mwalimu, hii boti iko alumini. Ukiitoboa, utaenda kufundisha samaki Kurani."

Hapakuwa na mtu wa kuziba tundu la alumini Uvira nzima. Basi tuliulaza mlango chini kabisa, juu ya mbavu, kwa sababu mzigo ukikaa juu boti hupinduka. Tukaukata pembe mbili za mbele ufuate umbo la boti, na nyuma tukaacha nafasi ya kuingiza kopo la kuchotea maji. Tukaufunga kwa vipande vya mipira ya baiskeli usiteleze. Msumeno ulipopita kwenye mbao za baba yangu, nilisikia harufu yake tu. Sikusikia kitu kingine moyoni.

Tulivuka asubuhi kwa makasia. Alilala akitazama mawingu.

"Unaumia?" nilimwuliza.

"Piga kasia."

Ng'ambo tulifungua ile mipira, tukambeba juu ya mlango ule ule hadi barabarani. Watu wakasimama kando, wengine wakavua kofia, wakidhani ni mazishi. Akainua mkono, akawasalimia. Mvuvi alicheka hadi nusura amwangushe. Mimi nilisema alhamdulillahi, nikaendelea kutembea.

Mfupa ulishika, ingawa mguu mmoja ulibaki mfupi. Tuliporudi, milango ya majirani ilikuwa imevunjwa na vyumba kuporwa. Kwetu mikeka, vyungu na vitabu vilikuwa mahali pake. Nadhani waliona nyumba isiyo na mlango, wakafikiri wenzao wamekwisha kupita. Majirani walisema nifurahi. Nilisimama pale nje, nikanyoosha mkono kusukuma mlango ambao haukuwepo. Mvuvi alikuwa ameurudisha ndani ya boti yake, na kwa vile tuliukata, haungeenea tena kwenye fremu yake.

Mke wangu alinipita na fimbo yake, akaingia, akaenda moja kwa moja jikoni.

"Mzee," aliita, "mawese yangu iko wapi?"

Hapo ndipo nilipokaa chini, nikalia.

Wewe unayesoma, Mungu akupe mlango wa kufunga jioni, na ndani yake sauti ya mtu anayekuuliza kitu.