Susana na Panya Waliokonda

"Min Jeff, ni wewe umenenepa ama ni gauni limenywea?"

Bonareri alimuuliza Susana, mama yake Jeff, hivyo akiwa na pini tatu mdomoni, amepiga magoti nyuma yake, anavuta zipu. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikakataa.

Bonareri ni jirani yake hapo Migori, ukuta kwa ukuta, na ndiye fundi aliyewashonea kina mama wa kwaya magauni ya kijani ya kwenda nayo makambi ya kanisa huko Homa Bay. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, dukani hakikubaki hata cha leso. Na mwalimu wa kwaya alishasema wazi kwamba asiye na gauni la kijani atakaa na wageni. Susana, aliyeimba sauti ya pili miaka kumi na tisa, akaona kuliko akae na wageni akiangalia wenzake wakiimba, heri abaki nyumbani na kuku. Zilibaki wiki sita.

Alikuwa mtu wa imani, huyu Susana, muuza mboga anayeombea hata nyanya zisioze. Akaomba. Wiki hiyo hiyo mpwa wake Dorine, anayesomea mimea chuo kikuu, akaja kukusanya majani ya saga, yaani mgagani, mboga chungu ambayo kwao huitwa dek. Dorine alieleza kwamba ndani ya ule uchungu wa jani mna kemikali, na panya wanono walipopewa, baadhi yao walikonda. Alisema mara tatu kwamba panya si watu, kwamba bado wanajaribu tu, na mtu asijitibu nayo. Susana aliitikia amina mara tatu. Kilichobaki kichwani ni panya waliokonda.

Saga ilikuwa imejaa mezani pake sokoni, basi akaanza jioni hiyo. Lakini mwanamke aliyelelewa vizuri haweki saga chungu mbele ya mtu, hata kama mtu mwenyewe ni yeye. Akaichemsha, akaimwagia maziwa, akailaza. Kesho yake akaongeza maziwa mengine. Siku ya tatu akatia malai, na samli kidogo kwa heshima ya mamake aliyemfundisha. Mboga ikalainika mpaka ikawa inateleza yenyewe. Na mboga ya namna hiyo ukiipa ugali mdogo umeidharau.

Kwa kuwa ilikuwa dawa, alikula asubuhi, mchana na jioni, bila kuruka hata siku moja. Sukari ya chai aliacha kabisa, asije akaharibu matibabu. Alimwambia Bonareri kwamba anasikia mwili umekuwa mwepesi kama wa mtu aliyetubu.

Siku mbili kabla ya makambi alirudi kujaribu gauni, Dorine akimsindikiza, maana alikuwa amekuja tena kuchukua majani. Safari hii zipu haikupita kiunoni. Bonareri alitoa pini mdomoni akaziweka mezani moja moja, kama mtu anayejiandaa kutangaza msiba.

Dorine akauliza shangazi amekuwa akila nini. Susana akaeleza yote kwa fahari, hata samli hakuificha. Dorine alijifunika uso kwa daftari, mabega yakawa yanatikisika. Susana akadhani anaomba, naye akafumba macho kwa adabu.

"Shangazi," Dorine akasema alipopata sauti, "wale panya walipewa uchungu peke yake."

"Bila maziwa?"

"Bila maziwa."

Susana aliwahurumia sana wale panya. Wangekuwa na mtu wa kuwapikia, nao wasingekonda. Kisha akainua macho, akaliona pazia la dirisha la Bonareri. Lilikuwa la kijani, si kijani kile kile, lakini kwa mtu wa mstari wa nyuma lingefaa.

"Bonareri, dada yangu," akasema, "naomba unishushie hilo pazia, uliongeze kwenye gauni pande zote mbili, na uniachie nafasi ya makambi ya mwaka ujao."