Waliokuja Mugeta kupima pumzi ya ng'ombe: niliwashuku, na bado inaniuma

Wakuu, poleni na majukumu. Hii siyo chai, nilikuwepo mwenyewe.

Nauza vifaa vya ujenzi hapa Musoma mjini. Mzee wangu yuko Mugeta kule Bunda, na mali yake yote ni ng'ombe. Alikuwa nao kumi na wanne.

Mwaka jana akanipigia simu. Kuna wataalamu wanapita boma kwa boma, wana form na kifaa cha kumvalisha ng'ombe puani. Eti ng'ombe akicheua anatoa gesi inayopanda juu na kuzuia joto lisitoke, ndiyo maana dunia inazidi kuchemka. Kesho asubuhi ni zamu yake.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaanza kuwaza.

Viwanda vyote vile vya huko ng'ambo, magari, ndege, halafu mshukiwa awe ng'ombe wa Mugeta?

Na kwetu mtu haulizwi idadi ya ng'ombe wake. Ukiuliza unajibiwa "wapo wapo tu", yameisha. Sasa anakuja mgeni na kalamu.

Kwenye group letu la WhatsApp jamaa mmoja akaandika kwamba leo wanahesabu, kesho wanaleta amri ya kupunguza mifugo. Hakuweka ushahidi wowote. Nikaamini palepale.

Nikamwambia mzee awaondoe ng'ombe leo hii hii, wapelekwe kwa rafiki yake kijiji cha Guta, abakize wawili wa kuonyesha. Akasita. Jua ni kali, malambo ya njiani yamekauka, na yule mwekundu ana mimba kubwa. Nikamkazania. Mimi ndiye msomi wa familia, akanisikiliza.

Walitoka saa sita mchana.

Mwekundu alianguka kabla ya kufika Guta. Hakuamka tena, na ndama tumboni.

Kesho yake nilifunga duka nikaenda. Mtaalamu alikuwa dada mmoja mpole. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini wanawaandama wafugaji. Akasema mzigo mkubwa wa joto hilo unatokana na mafuta na makaa ya mawe yanayochomwa, hasa na nchi tajiri. Ng'ombe wamo pia, na yeye anatafuta malisho yatakayopunguza gesi bila kupunguza ng'ombe.

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo. Sikuuona, ila mpaka leo sijui zile form zilienda wapi.

Akamgeukia mzee, akamuuliza kama ameona joto limebadilika miaka hii. Mzee akajibu:

"Jana limeniulia ng'ombe."

Dada akaandika.

Walipoondoka, mzee akaniambia taratibu, "Si wewe ulisema hao watanipunguzia ng'ombe zangu? Mbona umeanza wewe?"

Niliona aibu sana wakuu.

Nilichojifunza: nilimshuku kila mtu isipokuwa yule jamaa wa group na mimi mwenyewe.

Wa Butiama na Murangi, kama wamewapitia na nyie, mliwaonyesha ng'ombe wote? Semeni ukweli, hapa hakuna anayehesabu.