Mkono wa Adabu

Wifi yangu Mwamvua, mke wa kaka, hajui kukaa. Hata chai anainywa huku anafagia. Anafundisha madrasa hapa Usagara, na mtoto atakayepokea kitu kwa mkono wa kushoto mbele yake atakiona cha moto.

Kwa hiyo mwanawe Sabiri, wa miezi mitano, alipokuwa akipokea kila kitu kwa mkono wa kulia tu, nyumba nzima ilifurahi. "Mtoto wa mwalimu huyo!" mama yangu, Bi Zuwena, aliwatambia majirani. "Mashaallah, kazaliwa na adabu zake."

Mwamvua peke yake hakucheka. Alimtikisia funguo upande wa kushoto. Mtoto akajipinda mwili mzima azifikie kwa kulia, kiganja cha kushoto kimefumba vilevile. Akajaribu kijiko, akajaribu kitana. Alinichosha, nikamwambia atulie, anajitafutia maradhi bure.

Hakutulia. Akambeba mtoto hospitali, nami nikamfuata nimenuna. Daktari alimchezea Sabiri kitambo, kisha akasema, "Umri huu mtoto hachagui mkono. Akichagua, ujue ule mwingine una tatizo." Sehemu ya ubongo inayouongoza mkono wa kushoto ilikuwa imeumia, pengine tangu tumboni. Lakini ubongo mchanga bado unajifunza, akasema. Kila siku mvisheni soksi mkono wa kulia kwa muda, ili wa kushoto ulazimike kufanya kazi. Kama utafunguka au la, hakuahidi.

Tangu hapo nyumba ikakosa raha. Kutwa Mwamvua yuko sakafuni, "Kushoto, mwanangu! Kushoto!" halafu anakimbilia madrasa kuwahimiza watoto wa watu watumie mkono wa kulia. Alikonda. Mama hakutaka hata kutazama.

"Mwalimu mzima," alininong'oneza, "anamfunza mtoto ufedhuli."

Miezi ikapita. Asubuhi moja, soksi ikiwa mkononi, Sabiri alinyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani ya mama yangu. Vidole vikafunguka. Akakamata kipande cha ndizi, kikamponyoka, akakikamata tena, akakipeleka mdomoni. Mama, kwa mazoea, akainua mkono ampige kikofi.

Mwamvua akaudaka mkono wa mkwewe hewani.

"Mwache ale, mama!" akapiga kelele, machozi yanamtiririka. "Mwache ale!"

Mama alimtazama mtoto anavyoimung'unya ile ndizi. Kisha akamega kipande kingine, akamsogezea upande ule ule wa kushoto.

"Bismillah, mjukuu wangu," akasema.