Sufuria za Shemeji

Mwanzoni mwa 2017 nilikuwa nimetoka kuhitimu shule ya usiku hapa Dallas, na haki za binadamu nilizijua kuliko waliozitunga. Kila mtu huzaliwa nazo, tulifundishwa, kama alivyozaliwa na masikio. Nilipata alama za kutisha. Nusura mwalimu aniachie kiti.

Rafiki yangu Mkongomani, niliyefanya naye kazi kwenye ghala huko Garland, alikuwa anamsubiri mkewe kutoka kambi ya wakimbizi kule kwetu Kigoma. Kibali kimetoka, vipimo vya afya tayari, tiketi imekatwa. Tukamnunulia shemeji jaketi nene hivi kwamba ndani ya gari lilidai kufungwa mkanda.

Kule kambini shemeji akafanya wanavyofanya wote wanaoondoka: akagawa vitu. Godoro kwa huyu, sufuria kwa yule, chumba akamwachia mama mwenye watoto.

Siku chache kabla ya safari, rais mpya wa huku akatia saini amri. Wakimbizi wasimame kwanza. Tuliiona habari hiyo kwenye televisheni ya kazini, wakati wa chakula.

“Msomi,” rafiki yangu akaniuliza, “ile haki yake imekufa ao imelala tu?”

Mimi ninayeongea hata nikipiga mswaki, nikaongeza sauti ya televisheni.

Zuio lilipolegea, vipimo vya afya vilikuwa vimepitwa na muda. Shemeji alipopimwa upya, ukaguzi wa usalama nao ukawa umechacha. Na kila mwaka wakubwa wakapunguza idadi ya watakaopokelewa, kama mtu anayekaza mkanda kwenye tumbo la mwenzake. Nchi yangu nayo, iliyompa hifadhi, ikaanza kumwuliza anarudi lini kwao.

Jumapili moja shemeji alipiga simu, mimi na mumewe tukisikiliza.

“Shemeji msomi, niko naazima sufuria yangu mwenyewe! Na mwenye nayo ananiambia niirudishe mapema.”

“Si umwombe tu akupe?”

“Ah, shemeji! Kitu umeaga nacho watu, utakiomba na uso gani?”

Alicheka. Mumewe hakucheka.

Hadi 2020 jaketi lilikuwa bado kabatini kwa rafiki yangu, lebo yake inaning'inia. Baridi ilipokuja nikamwambia ampe hata jirani, lisije likaliwa na panya wa kwake Haltom City, ambao ni wakubwa kama mbuzi.

“Hapana,” akasema, akifunga kabati. “Nikigawa vitu vyake, nitakuwa nimemuaga.”