Mnyama wa Kuulizwa Mvua

Kwetu miaka haikuwa na namba, ilikuwa na chakula. Upo mwaka wa muhogo mchungu, upo mwaka wa maembe mabichi, na upo mwaka wa ming'oko, ile mizizi ya kuchimba porini, ndio mwaka ninaotaka kuwasimulia. Hata nilipozeeka nikafika Guangzhou kununua mashuka na vitenge, nilihesabu vivyo hivyo. Mwaka wa misako kwangu ni mwaka wa tambi za pakiti, maana mama wa kwetu aliyetupikia ugali pale mtaa wa Dengfeng alifunga jiko, polisi walipoanza kupanda ngazi jengo kwa jengo wakidai pasipoti.

Mwaka huo wa tambi Festo alikuja chumbani kwangu, mtaa wa Sanyuanli. Festo ni dalali, mtu wa Morogoro, tulisali naye kanisa moja. Ndiye aliyenitafutia barua za mwaliko za kuombea viza, na mwaka ule bila barua huwezi kurudi tena China. Alifungua mfuko wa nailoni akamwaga mezani vitu kama kucha za jitu, vya kahawia, vimepauka kingoni. Harufu ikanipiga kabla macho hayajaelewa: kwato kavu na udongo wa kichuguu. Nikawa mtoto wa miaka minane pale pale, na njaa yangu yote.

Mwaka wa ming'oko mvua ilikataa. Kijiji chetu, upande wa Nachingwea, kilizungukwa na miombo, na miombo ndiyo iliyotulisha. Bibi mzaa mama alichimba kwa muo, mimi nafuata na kikapu. Alinifundisha kila mti kwa tabia yake: mninga hutoka damu ukiukata, mpingo hukaidi shoka. Na kila alipong'oa mzizi alirudisha kichwa cha mzizi huo shimoni na kukifukia. Nikamwuliza kwa nini anapoteza muda na watu wana njaa.

"Kwani wewe unadhani njaa huja mara moja?" akasema.

Siku moja, jua likiwa utosini, tukamkuta kakakuona chini ya kichuguu. Mnyama huyo hutembea usiku; kumwona mchana ni jambo la kuitana. Bibi akavua kaniki yake ya begani, akamfunika, akambeba kama kichanga hadi uwanjani. Kijiji kizima kikaja. Kwetu kakakuona hakuwindwa, aliulizwa. Mbele yake waliweka ungo wa mtama, bakuli la maji na mkuki. Akiuendea mtama, kuna mavuno. Akiyaendea maji, mvua ipo njiani. Akiuendea mkuki, tujiandae kulia.

Akajikunjua polepole, ulimi ukitoka na kurudi kama uzi. Pua ikaelekea kwenye mkuki. Basi mimi, mpumbavu wa njaa, nikachomoka katikati ya watu wazima nikalisukuma bakuli la maji hadi puani pake. Akajikunja duara, magamba yakagongana, na hakufunguka tena. Jibu la kijiji kizima nimelifunga mimi.

Mjomba Kasiani alinitandika kwanza, ndipo akasema, "Kama hasemi, na achemshwe. Nyama ni nyama." Watu wakaanza kutafuta kuni kwa macho. Mimi mwenyewe mate yalinijaa, nakiri.

Bibi akaketi chini mbele ya mnyama, akanyoosha miguu. "Kasiani, umemwuliza mtu njia, hajajibu, ndiyo umle?"

"Kasiani huyo angemla hata mshenga asiyeleta jibu," mtu akadakia nyuma, na kicheko kikazima moto ambao ulikuwa bado haujawashwa. Bibi akambeba tena hadi kichuguu kile kile, maana ilikuwa lazima arudishwe alipotoka. Mvua haikuja upesi, msinitafutie muujiza hapa. Tuliendelea na ming'oko, tena mimi nikila kwa kusimama, makalio yanawaka.

Nilisoma hadi darasa la pili tu. Lakini hili nimelielewa mwenyewe, nilipokwisha kumzika bibi: yule mnyama hakujua habari za mvua kumshinda mbuzi. Ila unayemwuliza habari za kesho huwezi kumtia chunguni leo. Swali ndilo lililomlinda, kama kile kichwa cha mzizi kilivyolindwa na udongo. Tulipoacha kuuliza tukaanza kuuza. Nimerudi kule kwetu nikaona kwa macho yangu. Miombo imekuwa mkaa, mpingo umepanda malori, mchwa wanakula nguzo za nyumba wanavyotaka, kwa kuwa aliyewala wao ameliwa. Wajukuu zangu wanamjua kakakuona kwa picha ya kalenda. Na watu wakinijia na maneno ya "Wachina, Wachina," huwa nawakatiza. Anayenunua simjui. Anayeuza namjua, tunakaa naye benchi moja kanisani.

Sasa huyo wa benchi moja, Festo, alikuwa mbele yangu pale Sanyuanli, anatabasamu.

"Bibi Koleta, mzigo upo Dar. Magamba yanakaa ndani ya magunia ya dagaa, hakuna anayechokonoa. Safari ijayo uje nayo, na barua yako nitaishughulikia mimi. Usipoyabeba, barua meiyou." Ndilo neno wauzaji wa kule wanalokutupia usoni kitu kisipokuwepo.

"Haya yametoka wapi?"

"Huko huko kwenu kusini. Ona ulivyo na bahati."

Nikamwambia, "Sibebi. Hata ukininyima barua, sibebi."

Akacheka. "Bibi, huyu ameshakufa. Ukikataa atafufuka? Na wale wajukuu watasoma kwa hasira zako?"

Hapo alinigusa, maana viza yangu ilikuwa ukingoni na biashara ile ndiyo iliyowavalisha sare za shule. Nilijua nikitoka uwanja wa ndege mara hii nimetoka moja kwa moja, na ndivyo ilivyokuwa. Guangzhou sijaiona tena. Nikayazoa magamba kwa mikono yangu, moja moja, nikayatia mfukoni mwake, nikamfungulia mlango.

"Neno la mwisho, bibi?" akaniuliza kizingitini, bado anadhani nataka kubembelezwa.

"Sibebi. Hata ukininyima barua, sibebi."