Shangazi Anaita Majina

Shangazi yangu ni mwalimu wa darasa la tatu, na sauti yake haijui kupungua. Shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa, sauti ile ilihamia jikoni kwetu. Saluni yangu nayo ilikuwa imefungwa, maana huwezi kumsuka mtu ukiwa mbali naye, kwa hiyo nilishinda nyumbani nimenuna, nikila kila kilichopikwa. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba siku zile sikuwa mtu wa kuvutiwa na chochote. Lakini nilichokiona kwa shangazi yangu kilinishangaza, na hadi leo nikikisimulia saluni mikono husahau kusuka.

Kwanza mavazi. Kila asubuhi alivaa gauni la kazini lililopigwa pasi, saa ya mkononi na vile viatu vyake vyeusi vya kufunga kamba, ndipo akae kwenye meza ya jikoni.

"Shangazi, kwani wanakuona?" nilimuuliza.

"Mimi najiona," akanijibu, akaitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu ili sauti za watoto zijae.

Ofisi ya elimu inayosimamia shule za serikali za mjini kwetu ilikuwa imepata laini ambayo darasa zima liliingia kwa pamoja, kwa simu yoyote, hata ya vitufe, bila mzazi kukatwa salio. Ikatoa na agizo moja: wa kwanza kuitwa ni mtoto aliyeazima simu. Simu ya kuazima ina mwenyewe, na mwenyewe anataka kwenda kazini. Mtoto mwenye simu kwao asubiri. Mzazi mmoja mwenye simu tatu alilalamika, na Shangazi akamwambia kwa upole kwamba basi anaweza kusubiri kwa zote tatu.

Halafu kuna desturi ya shule hizo, ambayo mtu wa nje huiona kituko. Mtoto haitikii jina lake mwenyewe. Miaka ya nyuma walihamia watoto wengi kutoka sehemu mbalimbali, wengine hawajui hata lugha ya darasani, wakawa wanakaa kwenye madawati kama watu wanaosubiri basi. Mwalimu anaita jina, mtoto anasema "nipo", na hakuna anayegeuka kumtazama. Walimu wa shule zote wakakaa, wakakubaliana kwamba jina lako ataitikia mwenzako wa dawati, na lazima aongeze jambo moja juu yako. "Yupo, jino limeng'oka." "Yupo, lakini hajala." "Hayupo, mama yake amejifungua." Ukitaka kumwitikia mtu, huna budi kumwangalia vizuri.

Shule zilipofungwa nilidhani desturi hiyo imekwisha. Wapi! Watoto walitafutana alfajiri kwa simu za baba zao, kwa kupiga kelele juu ya ukuta, kwa kutuma salamu kwa muuza maziwa. Kisha majina yakaitwa ndani ya sufuria. "Yupo, mwalimu, nimemsikia ng'ambo ya ukuta akikohoa kwa makusudi." Nilicheka mbavu zikaniuma, nami nilikuwa nimeapa kununa mwezi mzima.

Shangazi humpa kila mtoto jina lake la utani, na hilo ndilo huita. Kulikuwa na Kasuku, msichana ambaye angeweza kuzungumza akiwa amelala. Mwenzake wa dawati alikuwa Jicho. Jicho hasikii, lakini hakuna kinachompita: anasoma midomo, anatumia lugha ya alama, na darasa zima limejifunza alama kutoka kwake, hasa zile za kusengenyana. Kasuku akiitwa, Jicho hupiga dawati mara mbili, maana yake yupo, halafu huonyesha kwa mikono jambo lake la kuongeza. Sasa niambie, mtoto wa namna hiyo ataingiaje kwenye simu?

Asubuhi ya kwanza Shangazi aliita, "Kasuku!" Kimya. Akaita tena.

"Kasuku, nakusikia unapumua."

"Mimi sipo, mwalimu," ikajibu sauti.

"Hupo vipi na unaongea?"

"Sijaitikiwa."

Chai ilinipalia. Shangazi naye alicheka, akasema basi leo atamwitikia yeye.

"Lakini mwalimu, wewe hukai dawati langu," Kasuku akasema, bila utovu wa adabu hata kidogo.

Ikawa ndio mchezo wa kila siku. Kasuku alisikiliza somo lote, akajibu maswali yake na ya wenzake, lakini majina yakiitwa, hayupo. Mimi niliendelea kucheka. Shangazi aliacha.

"Mtoto yule hanichezei," aliniambia mchana mmoja akimenya viazi. "Kuna kitu ananiambia, nami najifanya sisikii."

Alikuwa ameridhika kwa sababu Jicho alipelekewa karatasi za masomo kila wiki na gari la ofisi, na zilirudi zimejazwa bila kosa. Siku iliyofuata alivaa viatu vyake vya kamba, akanivuta mkono, tukaenda.

Jicho na mama yake walikaa chumba cha chini kwenye nyumba ya wapangaji wengi, dirisha lake la kioo likitazama barabarani, mlango wa bati kando yake. Mama alikuwa mfanya usafi hospitalini, kwenye wodi za wagonjwa wa ugonjwa ule ule. Niliona kitu ambacho kilinikata maini: kamba za kuanikia nguo za majirani zilikuwa zimehamishwa zote upande wa pili wa uwanja. Ya kwake ilibaki peke yake. Sisi tulipobisha mlango huo, mwanamke wa ghorofa ya juu alifunga dirisha lake.

Jicho alichungulia kiooni. Shangazi akapunga mikono, akaanza kusema maneno matamu kwa sauti ile isiyojua kupungua. Mtoto alimtazama, uso umekauka, kisha akavuta pazia.

Shangazi akajipiga paji la uso. Miaka yote hii amewafundisha walimu wenzake wasimpe kisogo mtoto asiyesikia, wamtazame, wafungue mdomo vizuri, na leo amekuja kumsalimia akiwa amefunika nusu ya uso kwa barakoa.

Mama alitoka, akasimama mbali nasi, kwa mazoea ya mtu anayekimbiwa.

"Karibuni, ila msisogee sana, mwalimu. Vizuri umekuja tuagane. Jumamosi nampeleka kwa bibi yake."

"Kwa bibi yake kuna shule itakayompokea?"

"Hakuna. Lakini kuna watu. Hapa nikienda kazini anabaki na kuta. Anajaza karatasi zenu, halafu hali chakula. Unajua anaamini nini? Anaamini shule iko wazi. Anaona mimi nakwenda kazini, anasema na wenzake wako darasani. Anasema ni yeye tu mmemtoa, kwa sababu mama yake anafagia wodi. Majirani anawaona kwa macho yake, mwalimu. Nimemweleza mpaka mikono imechoka. Anasema namdanganya ili asiumie."

Shangazi alijua vizuri kuwa mtoto kama huyo akishaondoka akiamini amefukuzwa, hata ukimfungulia shule kumi hatarudi.

"Nipe mpaka Ijumaa, mdogo wangu," akasema. "Begi usilifunge."

"Nimeshalifunga," mama akajibu.

Nyumbani alimpigia afisa elimu. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikapunguza moto ili nisikie.

"Mwalimu, mikusanyiko imekatazwa," afisa alisema.

"Mimi sikusanyi mtu. Mimi naita majina."

"Basi waite wawili wawili," akasema afisa. "Dawati moja liondoke ndipo lije jingine. Na wakae mbalimbali. Na ikiwezekana, unieleze ilivyokwenda, maana shule zote hizi zina watoto ambao simu haiwafikii."

Kuwapigia wazazi ndiyo ilikuwa kazi. Baba mmoja alipaza sauti hadi sufuria ikalia. "Kwenye nyumba ya yule wa hospitali?"

"Hiyo hiyo. Siku ukilazwa wewe, nani atakufagilia wodi?"

Baba yule akakata simu. Wengine walisema wataona, na kila mtu anajua "tutaona" maana yake nini. Nilimwambia Shangazi ukweli ninavyouona: hawaji. Watu wameingiwa na hofu, na hofu haibembelezwi kwa simu.

"Nitaita tu," akasema. "Wasipokuja, yule mtoto ataona angalau kuna mtu amesimama barabarani anawaita."

Ijumaa asubuhi tulifika na chaki. Shangazi alipiga magoti kwenye lami, na gauni lake la pasi, akachora maduara mawili mbele ya lile dirisha, yakiwa mbalimbali. Mengine alichora kule kwenye kona ya barabara, ya wanaongoja. Mimi nilipewa kazi ya kupanga foleni. Foleni yenyewe haikuwepo. Jicho alikuwa nyuma ya pazia, tunaona tu vidole vyake vimeshika ukingo. Mama alisimama nje ya mlango na sare yake ya kazi, kama mtu aliyekuja kushuhudia aibu ya mwingine.

Halafu walitokea wawili kwenye kona. Wa kwanza kuitwa, kama kawaida, alikuwa yule anayeazima simu, pamoja na mwenzake wa dawati. Nyuma yao, mbali kidogo, wawili wengine na mama wa mmoja wao. Nyuma yao wengine. Nikanyanyua macho, na barabara yote hadi kule dukani ilikuwa na watoto wawili wawili, wameachana nafasi, wazazi wamesimama pembeni mikono nyuma. Yule baba mbishi alikuja amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, lakini alikuja. Nilikuwa mtu mzima niliyeishi mjini muda wote, na sikujua kwamba watu wanaweza kufanya hivyo.

Shangazi aliita. Wawili wakaingia kwenye maduara. Mmoja akalitazama dirisha, akashusha barakoa, akafungua mdomo wazi na kusema na mikono yake pia: "Yupo, amenenepa!" Mwenzake akageuka kumkodolea macho, akalipiza: "Yupo, ananyolewa na dada yake!" Kichwa kilionyesha. Dawati lililofuata likaingia. Kuita majina, kazi ya dakika chache, kulimaliza asubuhi nzima, na hakuna aliyeharakishwa.

Pazia lilifunguka kidogo kidogo. Nilimwona Jicho akiangalia, na si midomo peke yake. Alikuwa anaangalia miguu. Ilikuwa Ijumaa, saa ya masomo, na hakuna aliyevaa sare. Walikuwa na kandambili, kaptura za nyumbani, magauni yaliyofupika. Mmoja alikuja na fulana ya kulalia. Aliwaangalia mmoja mmoja, kila dawati, hadi pua ikagusa kioo.

Ndipo Kasuku akaingia kwenye duara. La pili likabaki tupu.

"Kasuku!" Shangazi akaita, sauti yote.

Kasuku alishusha barakoa, akafunga mdomo. Sijui ilimgharimu nini. Mwanamke wa juu alikuwa amefungua dirisha.

Jicho alitoweka kiooni. Nikasema basi, tumemtisha, kwisha. Shangazi hakuita tena. Alisimama tu na vumbi la chaki magotini.

Mlango wa bati ukalia. Mara mbili, kishindo ambacho kilimfanya yule baba mbishi aruke. Kisha Jicho akatoka, akasimama kizingitini, akamtazama Kasuku kutoka juu hadi chini, mikono yake ikaanza kwenda.

Mama alikuwa akitutafsiria. "Yupo. Anasema yupo, lakini viatu amevivaa cha kushoto kulia."

Kasuku akatazama chini. Ni kweli. Watoto kule kwenye kona walipasuka kicheko, wazazi wakacheka, hata mimi nilicheka huku nafuta macho kwa kanga.

"Jicho!" Shangazi akaita.

Ilikuwa zamu ya Kasuku kuitikia. Mtoto aliyekuwa na maneno ya kugawa mtaa mzima alifungua mdomo, na likatoka moja tu. "Yupo." La kuongeza hakuliweza. Alikuwa analia.

Jicho alimwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia Shangazi na watoto wote wasio na sare. Akamgeukia mama yake, akaongea naye kwa mikono upesi upesi, kwa muda mrefu. Mama alimfuata kwa macho, akaketi kizingitini pale pale na sare yake.

"Anasemaje, mdogo wangu?" Shangazi akauliza.

"Anasema poleni. Hakujua kwamba na nyinyi nyote mmefungiwa shule." Mama alijipangusa uso kwa kiganja. "Na anasema nilifungue lile begi. Eti yeye akienda kwa bibi, Kasuku ataitikiwa na nani?"